Ramadhani Niliyofunga kwa Maziwa ya Mama Rebeka

Mwaka huu sifungi. Nalisema mapema nilimalize, maana nimechoka kulizungukia. Daktari aliniangalia miguu, akaangalia karatasi ya sukari, akasema, "Mama, ukifunga utaanguka, na ukianguka usije ukanilaumu." Basi kila siku saa sita, jua limesimama juu ya mabati ya Garsen, Hawa, mke wa mwanangu, hunirudishia mlango wa chumba na kuniletea uji usio na sukari na kipande cha muhogo. Mimi hukaa kitandani nikalipa dirisha mgongo, nikala kama mwizi. Juzi mjukuu wangu wa miaka sita alichungulia akapiga kelele, "Bibi kobe! Bibi kobe!" Ndivyo watoto wanavyomwita anayekula mchana wa Ramadhani. Nikacheka, sikuwa na la kufanya jingine. Aya ya ruhusa ya mgonjwa naijua tangu chuoni, naweza kuisoma nikiwa usingizini. Ila kuijua ni kitu kimoja, na kumeza uji huku nyumba nzima ina kiu ni kitu kingine. Nimefunga miaka mingi, sikumbuki hata mmoja ulionichosha kama huu nisiofunga.

Kinachonichosha zaidi ni Hawa mwenyewe. Ana mtoto wa miezi minne kifuani, na anafunga. Midomo imempasuka. Akiinama kuokota kitu hushika ukuta kwanza. Mtoto analia kilio kile kidogo, kikavu, ambacho mimi nakijua. Siku ya tano ya mwezi nilimsikia akimwambia mumewe kwamba anafikiri kuacha, atalipa baadaye. Mumewe ndiye Barisa, mwanangu wa kwanza, mfanyabiashara wa ng'ombe pale sokoni, mtu wa msikiti, mtu wa darsa kila Ijumaa. Si mkali kwa ubaya, ni mkali kwa imani. Akamwambia, "Hawa, mimi sikulazimishi. Lakini mama alifunga mwezi mzima nikiwa mtoto wa miezi mitatu, mwaka ule wa ukame, na hakuacha hata siku moja. Hata chai ya maziwa hakuwa nayo. Wewe una friji." Hawa akanyamaza. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na kijiko mdomoni. Na mimi nikanyamaza. Miaka thelathini na mitatu nimekuwa nikinyamaza hivyo, watu wakinisifu.

Siku ya pili yake simu ikalia. Sauti ya mwanamke mzima, ikasema, "Mama Barisa? Ni mimi Rebeka, wa Kulesa. Mama ametutoka jana jioni." Nikasema inna lillahi, halafu nikakumbuka kwamba wao ni Wakristo, nikasema pole sana mwanangu, pole sana. Akasema mazishi ni keshokutwa, baada ya ibada. Kisha akasema, taratibu, "Alikuwa anakuuliza." Nikakata simu nikakaa kitandani na uji ukapoa. Ramadhani imezunguka majira yote na kurudi palepale ilipokuwa mwaka ule, kwenye jua la Februari, nyasi zimekuwa vumbi na mto umekonda katikati ya mchanga. Joto ni lilelile. Aliyebadilika ni mimi.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na ndio kwanza nimejifungua. Mvua za vuli zilikataa kabisa. Wanaume walichukua ng'ombe wote wakashuka nao delta, ambako majani hayakosekani, na mume wangu akaenda nao. Tulibaki wanawake, watoto na wazee katika kijiji chetu ukingoni mwa mbuga, mwendo wa saa moja kwa miguu hadi Kulesa kwenye mto. Nilikuwa nikikaa na mama mkwe katika nyumba yetu ya nyasi na mikeka, nyumba ya duara, ambayo ukiingia lazima uiname na ukishainama unakutana na harufu ya vibuyu vilivyofukizwa moshi. Vibuyu vilining'inia pale, safi, vikavu. Sisi Waorma ni watu wa maziwa. Mtoto hupewa maziwa, mgeni hupewa maziwa, mzee akikosa meno ndiyo chakula chake. Nyumba yenye vibuyu vitupu ilikuwa aibu hata kuitazama, nami nilivigeuzia mdomo ukutani ili mgeni akiingia asivione. Futari ilikuwa chai ya rangi na ugali. Daku ilikuwa ugali uleule uliolala. Tende tulizipata siku tatu za kwanza, zikaisha.

Hakuna aliyeniambia nifunge. Hili ndilo nataka lieleweke. Sheria inamruhusu mama anayenyonyesha, akihofia mwanawe, ale na kuja kulipa baadaye, na kila mtu pale kijijini aliijua. Lakini jioni ya kwanza ya mwezi, nikiwa ndani namfunga mtoto nguo, nilimsikia mama mkwe nje akizungumza na jirani yake huku wakisubiri jua lizame. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, maneno yake machache, ndiyo maana yalipotoka yalikata. Akasema, "Mimi nilifunga mwezi mzima na mtoto kifuani. Mzima! Wasichana wa siku hizi wakisikia ruhusa wanaikimbilia kama mbuzi na chumvi." Jirani akacheka. Mimi nikaona moto umenipanda hadi masikioni. Nilikuwa msichana wa siku hizi, na mkwe, na mgeni katika nyumba ile bado. Nikajiapiza, wallahi, huyu mama atakula maneno yake. Sasa nikifikiri, sikufunga kwa ajili ya Mungu hata siku moja katika ule mwezi. Nilifunga kumfunga mdomo mama mkwe.

Siku kumi za kwanza nilizipita. Kiu ilinikaa kwenye shingo, nikawa nameza hewa. Siku ya kumi na moja nilimweka Barisa kwenye ziwa akavuta, akavuta, akaliachia na kunitazama. Hakulia hata. Nikambadilishia upande wa pili, ikawa vilevile. Usiku kwa maji ya futari maziwa yalitoka kidogo, asubuhi hakuna. Siku ya kumi na mbili kilio chake kilikuwa kile kikavu, na siku ya kumi na tatu kikaisha, akawa analala tu, mdomo wazi, utosi umebonyea. Nilimwona. Wacha niseme ukweli, nilimwona na nikajua ni nini, mimi niliyekulia kwenye ndama wanaokosa maziwa. Na bado sikula. Nikajidanganya ni joto, nikajidanganya ni jino. Nikamfunga mgongoni nikasema nakwenda mtoni kutafuta mahindi.

Nilikwenda kwa Mama Rebeka kwa sababu ndiye Mpokomo, mtu wa mashamba ya mtoni, niliyemjua. Tangu niolewe, ng'ombe walipokuwa nyumbani, nilikuwa nikimpelekea kibuyu cha maziwa naye akinipa mahindi, ndizi, wakati mwingine mchele. Alikuwa mnene kiasi, mwenye kucheka kwa bega, mke wa mzee wa kanisa pale Kulesa. Nyumba yake ya udongo ilikuwa na vyumba viwili, mkungu wa ndizi umening'inia kwenye boriti, samaki wakikaushwa juu ya moshi wa jiko. Sisi watu wa mifugo enzi hizo samaki hatukumla, tulimwita nyoka wa majini, na Mama Rebeka alizoea kunitania, "Njoo nikuonjeshe nyoka, Mama Barisa." Mchana ule hakunitania. Alikuwa ameketi mlangoni akimnyonyesha Rebeka, binti yake wa miezi minane. Alinitazama mimi, akamtazama aliye mgongoni, akamtoa Rebeka kwenye ziwa na kumweka mkekani.

"Mlete huyo," akasema.

"Nimekuja kuuliza mahindi."

"Mahindi yapo, hayakimbii. Mlete mtoto."

Nikamfungua. Alipompokea shingo ya Barisa ililegea, na Mama Rebeka akapiga ulimi, akasema neno la Kipokomo ambalo sikulijua. Akampaka tone la maziwa mdomoni. Barisa hakufanya kitu. Akampaka tena, akamfinya kisigino, akamwita, "We mwanaume, we! Amka ule!" Nikawa nimesimama na ile nguo mikononi, nasoma kila dua niliyoijua na zote zimechanganyika. Mara ya tatu akameza. Mara ya nne akashika. Nikasikia ile sauti ya kumeza, gulu, gulu, nikakaa chini. Rebeka, pale mkekani, akaanza kulia kwa hasira za mtu aliyenyang'anywa haki yake. Mama yake akamchukulia uji kwenye kikombe akawa anamnywesha kwa mkono mmoja, huku mwanangu yuko kwenye mkono wa pili.

"Wewe unafunga," akaniambia. Haikuwa swali.

"Ni mwezi wetu."

"Najua ni mwezi wenu. Huyu naye anafunga?"  Akanisukumia kata ya maji. "Kunywa."

Sikunywa. Hata leo nikiandika hivi uso unaniwaka. Mwanangu amerudishwa kutoka ukingoni mwa kaburi mbele ya macho yangu, na mimi nikasema, "Bado masaa sita." Mama Rebeka akairudisha kata pembeni. Akasema, "Basi mlete kesho. Na keshokutwa. Mficha maradhi, kifo humuumbua, Mama Barisa. Lakini mtoto hana kosa."

Nikampeleka siku kumi na mbili zaidi. Kila mchana natembea lile jua, mdomo mkavu, nafika, namtoa mgongoni, nampa. Naketi kwenye kiti kile cha mbao karibu na jiko na kusikiliza wanawake wakipita wakiimba nyimbo za kwaya, wakiuliza, "Huyo wa nani?" na Mama Rebeka anajibu, "Wa kwangu, huoni?" na wote wanacheka. Barisa alianza kunenepa tena, macho yakarudi. Rebeka alipungua. Mama yake alisema ana meno tayari, uji unamtosha, nisiwe na wasiwasi. Lakini mwaka ule hata mahindi yao yalikuwa ya kuhesabia, na uji ule ulikuwa maji mengi, na mimi niliona mapaja ya yule mtoto yakikunjamana. Niliona na kesho yake nikarudi tena. Jioni nyumbani nilifuturu mbele ya mama mkwe nikiwa nimeinua shingo, naye alimtazama mjukuu wake, akasema, "Mashallah, anakua." Hakuna saumu nyingine maishani mwangu niliyoifunga kwa kiburi kile. Mwanamke wa Kikristo alikuwa akiilipia kwa mwili wake, na mwanawe.

Siku ya ishirini na tano kivuli kilisimama mlangoni kwa Mama Rebeka. Nilijua urefu ule kabla sijainua kichwa. Mama mkwe alikuwa amenifuata njia nzima, kwa fimbo yake, na jua lile, na saumu yake. Alimwona mjukuu wake kwenye ziwa la mwanamke asiyemjua. Nikaanza kusema, mama, nisikilize mama. Yeye hakunisikia. Aliketi pale pale kizingitini, vumbini, akauliza kwa sauti ndogo, "Tangu lini?"

"Tangu kumi na tatu."

"Na wewe unafunga?"

"Nafunga."

"Nani alikwambia ufunge?"

Nikashangaa. "Ni wewe, mama. Ulisema ulifunga mwezi mzima na mtoto kifuani. Nilikusikia."

Akaiweka fimbo yake chini. Mama Rebeka, ambaye hakujua Kiorma, alimtazama huyu na yule, akaendelea kunyonyesha. Ndipo mama mkwe akasema, "Nilifunga, kweli. Je, umewahi kuniuliza huyo mtoto yuko wapi?" Nilikuwa nimeolewa pale miaka miwili na nilijua mume wangu ndiye mtoto wake wa kwanza. Hivyo ndivyo nilivyoambiwa. "Alikuwa msichana," akasema. "Alikufa siku tatu kabla ya Idi. Watu walinisifu. Walisema huyu mwanamke ana imani, hata msiba haukumfanya ale. Nikaishika hiyo sifa, Asha, maana sikuwa na kingine cha kushika. Nisipoisifu ile saumu, mwanangu alikufa kwa nini?" Kisha yule mwanamke ambaye sikuwahi kumwona na chozi akaanza kulia, kwa sauti, mdomo wazi, mbele ya mtu baki, mchana wa Ramadhani. Mama Rebeka hakuuliza. Alinipa Barisa, akaenda akamshika mabega.

Alipomaliza kulia aliichukua ile kata ya maji akaniwekea mdomoni kwa mkono wake mwenyewe. Maji mengine yakanimwagikia kifuani. "Kunywa," akasema. "Dhambi, kama ipo, iandikwe kwangu." Nikanywa. Nikala mahindi na kunde sufuria nzima, na siku ile hata yule nyoka wa majini nilimla, na mama mkwe akanitazama kinywa mpaka nikamaliza. Mama Rebeka akaendelea kumnyonyesha Barisa, na baada ya siku nne maziwa yangu yakarudi. Mama mkwe alikwenda kumshukuru Mama Rebeka na mbuzi jike mwenye mimba, mmoja kati ya wawili waliobaki, na akasema ni wa Rebeka.

Ningeweza kuishia hapo na hadithi ingekuwa nzuri. Lakini siku ya Idi, jirani alipouliza, mama mkwe akasema mbele ya wote, "Asha wangu amefunga mwezi mzima." Alifanya hivyo kwa huruma, aliniwekea heshima, na mimi nikaipokea, nikainamisha macho kama mcha Mungu. Neno likakaa. Likanenepa kila mwaka. Mama mkwe alipofariki hakubaki mtu wa kijijini wa kulikanusha ila mimi. Halafu zikaja siku mbaya za watu wa mifugo na watu wa mashamba kutoaminiana, hata kuonana na mtu wa mtoni ilikuwa maswali, na mimi nikaona ndiyo sababu ya kutokwenda Kulesa, ndiyo sababu ya kutosema. Siku zile zikapita. Watu wakarudi kuuziana maziwa na mchele. Mimi sikurudi. Nilipitisha salamu mara mbili tatu. Alikuwa akiniuliza, na mimi nilikuwa saa moja kutoka kwake, nikisifiwa.

Jioni ya simu ile, baada ya futari, nilimwita Barisa chumbani, na Hawa, na mtoto. Nikawaambia yote, hivi nilivyoandika, bila kujipunguzia. Barisa alisikiliza akiwa amesimama. Nilipomaliza aliuliza swali la darsa, kama nilivyojua atauliza. "Alininyonyesha mara ngapi?"

"Zaidi ya siku kumi na mbili. Kila siku mpaka unashiba."

"Kisheria, kunyonya mara tano kunatosha," akasema, kama anayejisemea mwenyewe. "Basi ni mama yangu."

"Ndiyo."

"Miaka yote hii nina mama Kulesa. Na unaniambia leo, yuko ndani ya jeneza." Nikataka kumshika mkono, akaurudisha. "Na umeniacha nimtandike huyu kwa hadithi yako." Akatoka. Nilijua ana haki, nikamwacha. Baadaye nilimsikia jikoni akitafuta tafuta vyombo asivyovijua mahali pake, na asubuhi alimwekea Hawa chai ya maziwa mezani, saa tatu, dirisha wazi, akasema, "Kula. Utalipa Mungu akipenda." Kwangu hakusema kitu siku mbili.

Tulikwenda Kulesa kwenye mazishi. Barisa alivaa kanzu na kofia. Wakati wa ibada alisimama nje chini ya kivuli cha ukuta, na walipofika kaburini alichukua koleo kwa vijana akatupia mchanga hadi kanzu ikabadilika rangi, kwenye jua lile na saumu yake, watu wakimtazama bila kumwelewa. Kisha tukapanga mstari kumpa pole Rebeka. Amekuwa mwanamke mzima, mfupi, mwenye mabega ya mama yake. Akanikumbatia, nikamwambia nisamehe, akasema, "Mama alisema ukija nisikuulize kitu." Nyuma yangu alikuwa Barisa. Garsen nzima inajua Barisa hampi mkono mwanamke asiye wa damu yake, hata mwalimu wa watoto wake, hata muuguzi. Rebeka naye, kwa adabu, aliona kofia akaweka kiganja kifuani na kuinamisha kichwa, salamu wanayompa mtu wa namna yake.

Barisa akanyoosha mkono. Ulikuwa na udongo. Rebeka akautazama, akanitazama mimi, nikatikisa kichwa kukubali, naye akaushika kwa mikono miwili.

"Dada," Barisa akasema, "tumefiwa."